"Naona kunguru tu": jibu kwa dada wa Mbezi Beach aliyenunua darubini

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 33, nakaa Mbezi Beach, kazi yangu iko Posta. Mwezi wa sita nilinunua darubini Kariakoo, imeandikwa 50x50, nikaanza kutoka Jumamosi asubuhi kuangalia ndege baharini kwa sababu nilisoma kwamba kuna ndege wanatoka Siberia wanakuja kukaa Dar. Mpaka sasa mwezi wa nane unaisha nimeenda Kunduchi mara nne, nafika saa kumi na mbili na nusu, na daraja la Salenda mara mbili. Kunduchi naona vidoti vyeusi mbali kabisa, vyote vinafanana, na picha inatetemeka mpaka kichwa kinauma. Salenda nilikuta maji yamejaa hadi ndani ya mikoko, hakuna kitu. Kunguru ndo wako kila mahali, mume wangu anasema kunguru walishamaliza ndege wote wa Dar, napoteza muda. Ndege mmoja tu nilimuona karibu, umbo la yangeyange kabisa lakini rangi ya mkaa, sijamuona kwenye picha yoyote. Sasa nina kama milioni moja na laki tano nimetunza, nafikiria kununua kamera yenye zumu kubwa. Ninunue? Au hii kitu sio ya kwangu?"

Marahaba dada yangu, na hongera, maana kuamka alfajiri siku ya Jumamosi kwa ajili ya ndege wakati mtaa mzima umelala sio jambo dogo. Hiyo milioni na nusu iache kwanza palepale ilipo. Kwa maelezo yako macho yako ni mazima, na darubini ina tatizo kweli, tutalifikia, ila sio ndo lililokufanya urudi mikono mitupu. Umekuwa unaenda baharini kwa kufuata saa ya simu wakati ndege wa ufukweni wanafuata maji, basi mnapishana, wewe unaingia wao wanatoka.

Hii habari ya kuamka alfajiri haijatoka hewani, imetoka msituni. Ukienda Pugu Kazimzumbwi au Pande huko nyuma ya Mbezi, nenda alfajiri hasa, kwa sababu ndege wa msituni wanaimba na kutafuta chakula kabla jua halijawa kali, ikifika saa nne msitu umenyamaza unabaki na hondohondo anapiga kelele na jasho lako. Watu wanachukua sheria hiyo wanaipeleka ufukweni na huku haifanyi kazi. Chakula cha ndege wa ufukweni kiko ndani ya tope na mchanga, ni minyoo, vikaa, konokono wadogo na vidudu vingine vya kujichimbia, maji yakiwa juu kile chakula hawakifikii hata wangetaka, maji yakipwa meza imetandikwa, haijalishi ni saa sita mchana au saa nane usiku. Ndiyo, usiku pia wanakula, wewe umelala wao wako kazini pale Salenda kwenye tope.

Sasa fikiria ule ufukwe wa Kunduchi. Maji yakiwa yamepwa kabisa eneo la kula ni kubwa mno, ndege wanatawanyika, wengi wanakaa kule mwisho karibu na maji kwa sababu tope lililotoka kuachwa na maji muda huohuo bado ni laini na wanyama wake bado wako juu juu. Hapo ndo unapata vile vidoti vyako. Maji yakianza kujaa ule uwanja unapungua kila dakika, na ndege wanarudishwa nyuma hatua kwa hatua kuelekea ulipokaa wewe. Saa mbili hivi za mwisho kabla maji hayajajaa ndo uhondo wenyewe, mia mbili wanabanana kwenye kipande ambacho asubuhi kilikuwa na watano. Alafu maji yanajaa kabisa, chakula kimefunikwa, wanaruka wote kwa pamoja kwenda kulala pa juu, labda kwenye ulimi wa mchanga, labda kwenye mashamba ya chumvi au matawi ya mikoko, wanasubiri maji yapwe tena. Ulipofika Salenda ukakuta maji kwenye mikoko ndege walikuwa wapo, tena pengine hawakuwa mbali, ila walikuwa wamejificha wamelala na mguu mmoja.

Kwahiyo swali la kujiuliza Ijumaa jioni ni "kesho maji yanajaa saa ngapi", sio "niamke saa ngapi". Hapo Dar tuna bahati mbili ambazo watu wengi hawajui kama wanazo.

Bahati ya kwanza ni kwamba maji yetu yanatembea sana. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kupwa na kujaa inazidi mita 3, wakati siku za maji mafu inashuka mpaka kama mita 1 hivi, maji yanapanda kidogo yanashuka kidogo, ndege hawasukumwi popote, wanabaki kulekule mbali. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwa kawaida linakuwa kubwa zaidi siku moja au mbili baadaye, kwahiyo ile kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani kwa mangi au kwa Mpemba ndo ratiba yako, angalia tarehe za mwanzo mwanzo na zile za 15 mpaka 17. Bamvua la mwezi wa tisa na wa kumi, na lile la mwezi wa tatu, ndo makubwa kuliko yote ya mwaka.

Bahati ya pili ndo inanifurahisha mpaka leo. Siku za bamvua hapa Dar maji yanajaa karibu na saa kumi, saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, siku zinazofuata yanasogea mbele kama dakika hamsini kwa siku. Maana yake yanapwa mnamo saa nne saa tano asubuhi, alafu yanajaa mchana kutwa, ukisikia adhana ya Alasiri maji yako juu au yanamalizia. Sasa bahari yetu iko mashariki. Ukisimama Kunduchi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukaangalia bahari unaangalia jua moja kwa moja, na ndege yeyote aliyesimama kati yako na jua anakuwa mweusi, hata angekuwa na rangi za khanga. Vidoti vyeusi vinavyofanana, si ndo ulivyoandika? Hata mimi ningeviona hivyohivyo na miaka yote hii ya kuwahesabu. Njoo saa nane mchana siku ya bamvua, jua liko mgongoni kwako, maji yanawasukuma ndege wakufuate, unakaa chini ya mvinje na chupa ya maji unasubiri. Miguu ya njano unaiona njano, ya kijani unaiona kijani. Mbinu ni hiyo tu, na haina gharama zaidi ya nauli ya daladala.

Kuna na la msimu. Umeanza mwezi wa sita, na mwezi wa sita hao wageni wako kwao kaskazini wanatotoa, kule jua halizami. Unaoweza kuwaona huku ni vijana wa mwaka jana ambao hawajakomaa wakaona hawana haja ya safari, wachache, tena wamepauka. Wakubwa wanaanza kurudi mwezi wa nane, watoto waliozaliwa mwaka huu wanafuata wiki kadhaa baadaye peke yao, bila mzazi wa kuwaonyesha njia, mtoto wa miezi miwili anatoka Siberia anafika mto Msimbazi hapa Dar, mi hilo nimelisoma na kuliona na bado silielewi vizuri. Wanajaa kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa nne. Kwahiyo uliponiandikia ndo wanaingia. Na usikose mwezi wa tatu mwishoni na wa nne, masika ikikuruhusu, maana kabla hawajaondoka wanavaa nguo za harusi, yule mdogo wa kahawia mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini ambaye miezi yote ulimpita anageuka mwekundu kama matofali ya Pugu.

Turudi kwenye darubini. Ile 50x50 ni namba ya kuuzia. Namba ya kwanza inasema kitu kinaletwa karibu mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho, sasa 50 kwa 50 ni milimita 1, giza, wakati 8x42 inakupa zaidi ya milimita 5. Na kila unapokuza ndege unakuza na mtetemo wa mkono wako vilevile, na mvuke wa joto unaopanda kutoka kwenye mchanga, ndo maana kichwa kiliuma. Mkono wa binadamu unavumilia mara 8, ukijitahidi 10, zaidi ya hapo unahitaji miguu mitatu ya kuisimamishia. Kwa kweli nadhani yako haifiki hata hiyo 50, nyingi za namna hiyo zikipimwa ni 7 au 8 zenye vioo vibaya. Ijaribu hivi: kaa chini, egemeza viwiko kwenye magoti, angalia maandishi ya kwenye boti iliyotia nanga. Ukiyasoma bila kuona mbili mbili itumie mpaka mwezi wa kumi na mbili. Ukiona mbili mbili ujue vioo havijakaa sawa, hiyo usihangaike kuitengeneza, mpe mtoto achezee.

Kuhusu kamera, nitakwambia kwa haki pande zote. Kamera yenye zumu ndefu ina faida moja kubwa kwa mtu anayejifunza peke yake, unapiga picha unarudi nyumbani unalinganisha taratibu, na picha mbaya ya ndege unaweza kumuonyesha mtu akakwambia. Hasara yake ni kwamba inakuzuia kuangalia. Nimetembea na vijana wenye lenzi kama kinu, wanarudi na picha mia tatu ukimuuliza huyu alikuwa anakulaje hajui, na kwa ndege wa ufukweni kula ndo kitambulisho, naeleza sasa hivi. Tena ufukwe wetu una chumvi na upepo, na una vibaka, kamera ya milioni na nusu inaonekana kutoka mbali. Darubini ya miguu mitatu ndo chombo hasa cha kwenye tope, sikudanganyi, lakini ni nzito na bei yake nzuri inapita bajeti yako, bora uazime ya mtu mkiwa kikundi. Ningekuwa mimi ningenunua darubini 8x42 ya kawaida tu, isiyo na mbwembwe, baada ya kutoka mara nne kwa ratiba ya maji, na pesa ingebaki ya boti ya kwenda Mbudya na familia.

Sasa hili la "vyote vinafanana". Acha rangi kwanza, na majina achana nayo kabisa kwa mwezi mzima. Angalia anavyokula. Kuna wanaotumia macho na kuna wanaotumia mdomo. Wa macho ni vitwitwi, wana jicho kubwa na mdomo mfupi, anakimbia, anasimama ghafla kama mtu aliyesahau kitu, anadonoa, anakimbia tena, kwa sababu anasubiri aone kitu kikicheza juu ya mchanga. Wa mdomo ni vile vyenye mdomo mrefu, kichwa chini muda wote, anachoma choma tope kama cherehani, ncha ya mdomo wake ina hisia kali inayomwambia kuna mnyoo hapa bila kumuona. Ukishawagawa hivyo nusu ya kazi imeisha, na baada ya hapo tabia zinaanza kujitokeza zenyewe. Anayekimbizana na wimbi, likirudi anafuata likija anakimbia, mweupe kuliko wote, huyo ni mmoja tu. Anayetingisha mkia bila kupumzika kwenye mawe ya Salenda au kwenye mtaro, huyo chamchanga, hata mtoni ndani kabisa utamkuta. Anayepindua vijiwe na mwani kama anatafuta shilingi. Mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya rangi ya chungwa anayekimbiza vikaa amejikunja kama mlevi. Sululu ni mkubwa, mdomo mrefu umepinda chini kama mundu, na utamsikia kabla hujamuona, mluzi mmoja unaorudiwa haraka haraka mara saba hivi.

Alafu kuna mmoja nataka umtafute kwa makusudi, kwa sababu nikiambiwa nichague ndege mmoja wa kumwonyesha mgeni Dar ni yeye. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama jambia, wanatembea kikundi. Sisi tunamwita tu mla-kaa, kwenye vitabu vya kisayansi Dromas ardeola. Anakula kaa na mdomo ule ni wa kazi hiyo. Ndugu zake wengi wa ufukweni wanataga juu ya ardhi, yeye anachimba shimo refu kwenye mchanga kama panya na anataga yai moja, jeupe, huko Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Somalia. Anakuja kwetu na mtoto wake, na mtoto ana mwili wa mtu mzima lakini bado anamfuata mama anaomba chakula, mwezi wa kumi na moja huo. Ukimuona wa kijivu kijivu analialia nyuma ya mweupe usicheke sana, hata majumbani kwetu wapo wa hivyo.

Kunguru. Mume wako hajakosea kabisa, mwambie nimemuunga mkono nusu. Hawa wenye shingo ya kijivu sio wa kwetu, asili yao ni India na jirani zake, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, wakavuka bara, na kuanzia hapo wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, ndo maana mitaa mingi ya Dar imekuwa kimya, chozi na kurumbiza huwasikii mpaka uende kwenye bustani zenye miti minene kama kule Mlimani chuoni. Serikali imeshaendesha kampeni za kuwapunguza kwa mitego na sumu zaidi ya mara moja. Lakini ndege wako wa Siberia hatotoi hapa, hana yai la kuibiwa Kunduchi, kunguru anamsumbua kidogo tu. Anayeumia ufukweni ni kitwitwi mwenyeji, yule mdogo mwenye paji jeupe anayetaga kwenye mchanga mkavu wa juu, akisumbuliwa anafunika mayai yake na mchanga alafu anaondoka kimyakimya, kwahiyo ukiona kindege kimoja kinakimbia mbele yako kama kinakuvuta, rudi ulikotoka, usitafute kiota, kunguru anaangalia unapoangalia wewe.

Na kunguru wana faida moja kwa muangaliaji, wakianza kupiga kelele kwa pamoja na kuzunguka mti tazama huo mti, mara nyingi kuna mwewe au bundi. Hiyo ya bundi usiwasimulie majirani.

Wapi uende. Kunduchi endelea nayo, ila shuka upande wa kijiji cha wavuvi ukasalimie watu kwanza, mzee mmoja wa ngalawa anajua maji kuliko simu yako na akishakujua watoto hawakusumbui. Salenda simama juu kwenye njia ya watembea kwa miguu saa mbili tatu baada ya maji kuanza kupwa, tope likianza kuonekana, na usishuke chini kabisa, Msimbazi unabeba uchafu wa nusu ya jiji na lile tope lina vioo na mengine ambayo sitaki kuyataja. Daraja la Tanzanite, lile la mwaka 2022, linakupa upande wa bahari, shakwe na buabua wanapita usawa wa macho. Kigamboni ina Ras Dege, na upande wa Mtoni Kijichi kuna mikoko yenye mdiria wa mikoko, kichwa cha kijivu mgongo wa buluu mdomo mwekundu wote, ila tope lake ni la kuzama, mimi mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjuaji nikaingia mpaka magotini, nilivutwa na kijana wa kuuza kaa na kiatu kimoja kiko huko mpaka leo. Mbudya na Bongoyo ziko kwenye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975, kuna kiingilio, nenda siku za kazi kama unaweza maana wikiendi kuna muziki. Ukishanogewa kuna Saadani kwenye mdomo wa mto Wami, na delta ya Rufiji yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko Afrika Mashariki, huko ni safari ya kupanga.

Maji yakiwa yamejaa na ndege wamelala, kaa mbali. Najua utatamani kusogea, picha inakuwa nzuri. Lakini yule ndege anaweka mafuta mwilini ya kurukia maelfu ya kilomita, hasa mwezi wa tatu na wa nne, na kila ukimrusha anachoma alichokula asubuhi. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja ujue umeshasogea sana, kaa chini hapohapo.

Usiende peke yako. Sisemi kwa sababu wewe ni mwanamke, mimi mwenyewe na mvi zangu siendi peke yangu ufukwe mtupu, nimeshaporwa darubini mchana kweupe. Kunduchi kuna eneo la jeshi, usilielekezee darubini wala simu, na ukiulizwa unafanya nini jibu kwa upole na onyesha daftari lako lenye michoro ya ndege, daftari linaokoa kuliko kitambulisho. Mashamba ya chumvi ni mali ya watu, omba ruhusa getini. Vaa raba zinazofunga, kuna chaza wanaokata kama wembe na kuna samaki aina ya taa wamejifukia mchangani, ukichomwa na taa tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia na uende hospitali siku hiyohiyo, usikae nyumbani na mwarobaini.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukikuta ndege wengi wamekufa sehemu moja usiwashike na wala usiwaletee watoto waone, mpigie afisa mifugo wa manispaa, inaweza kuwa sumu na inaweza kuwa mafua ya ndege. Ukikuta mmoja amenasa kwenye nyavu mfunike kichwa na kitambaa, anatulia, kata nyuzi taratibu mwachie palepale, usimpeleke nyumbani. Ukiona mwenye pete mguuni andika rangi na mguu upi, kulia au kushoto. Na kwa kujifunza hasa tafuta watu: Nature Tanzania wanashughulika na ndege nchi nzima, na kila mwezi wa kwanza kuna sensa ya ndege wa majini Afrika nzima, watu wa kujitolea wanakaribishwa. Asubuhi moja ukisimama kando ya mtu anayejua utaelewa zaidi ya kurasa zangu hizi, na hapo ndo utaangalia kwenye ile darubini yake ya miguu mitatu uamue mwenyewe kama pesa yako inaenda huko.

Nimemwacha wa mwisho yule wako wa rangi ya mkaa. Kwanza nilidhani ni jua tu limekudanganya, lakini umesema alikuwa karibu. Jiulize, miguu ilikuwa myeusi na vidole vya njano, kama amevaa soksi? Na pale kooni kulikuwa na alama nyeupe? Kama ndiyo, huyo ni yangeyange wa pwani. Ndege huyu anakuja kwa rangi mbili, mmoja mweupe pe na mwingine mweusi wa kijivu, baba mmoja mama mmoja, na wala sio suala la umri au dume na jike, ndo maana jina lake la kisayansi lina neno dimorpha, wa maumbo mawili. Anapatikana Madagaska na visiwa vya jirani na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, basi. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya wanakuja kumtafuta, na wewe umemuona Jumamosi kabla ya chai, na jua machoni.

Angalia kalenda ya dukani, mwezi ukishaandama hesabu siku mbili, fika Kunduchi saa nane mchana na mume wako, mbebeshe chupa ya maji. Alafu niandikie uliona wangapi wa macho na wangapi wa mdomo.